Kuokoa ubao wa keram uliochakaa

Ubao wa keram, mchezo wa kusukumia kete mashimoni kwa kidole, unaochezewa barazani Mji wa Kale, Mombasa, au kwenye maskani ya Majengo huchakaa mahali palepale: mbele ya mistari ya kupigia, kandokando ya mashimo manne, na katikati kete zinapopangwa. Straika, yaani kete kubwa ya kupigia, ikianza kukwama, wengi hukimbilia msasa, na hapo ndipo ubao unapomalizwa. Tabaka la juu la plaiwudi kwa kawaida halifiki hata milimita moja. Likishatoboka, hakuna vanishi ya kulirudisha. Isitoshe, mara nyingi kasoro imeanzia chini, upande ambao haukupakwa kitu, ambako unyevu wa pwani huingia na kuvimbisha plaiwudi upande mmoja tu hadi ikapinda.

Kwa hiyo anza na upande wa chini, baada ya kupima kama ubao umepinda. Simamisha rula ya chuma ya sentimita 60 juu ya uwanja, kwa urefu, kwa upana na kwa pembe, huku mtu akimulika tochi ya simu nyuma yake. Mwanga ukipenya katikati, ubao umebonyea. Ukipenya kwenye ncha za rula, umevimba. Nafasi ikizidi milimita moja, weka nguzo kabla ya kugusa rangi yoyote.

Nguzo ni vipande viwili vya mbao ngumu iliyokauka vizuri, milimita 25 kwa 50, vinavyopishana kama alama ya kujumlisha na kusimama kwa ubavu ili vibebe uzito. Pale vinapopishana, kila kimoja kikatwe nusu ya kina chake. Pinduza ubao juu ya meza iliyonyooka. Kumbuka fremu imeinuka sentimita mbili hivi kuliko uwanja, kwa hiyo usipojaza pengo lililo chini kwa vibao vya kimo hichohicho, uzito utakaoweka utaukunja upya ubao badala ya kuunyoosha. Paka gundi nyeupe ya mbao, kandamiza kwa mawe au madebe ya maji, acha saa 24. Skrubu ziingie kwenye fremu pekee: plaiwudi ya milimita 8 haiwezi kuficha hata skrubu ya nusu inchi, itatokea juu.

Gundi ikikauka, paka mgongo wote vanishi mikono miwili, yaani mara mbili, pamoja na nguzo na kuta za ndani za mashimo. Mkono wa kwanza uzimuliwe kwa tapentaini, sehemu moja kwa kumi za vanishi, ili uzame. Kazi hii haionekani na mtu, lakini ndiyo inayolinda ubao kuliko yote yatakayofanywa juu.

Sasa pindua. Ondoa poda ya kutelezesha kete kwa brashi laini, kisha futa kwa kitambaa chenye tapentaini kidogo ili mafuta ya vidole na jasho yatoke. Maji yasikaribie. Kabla ya kuendelea, piga picha na upime michoro yote, kisha jaribu pembeni kwa pamba yenye spiriti. Vanishi ya zamani ikilainika na kunata, ni ile ya spiriti. Iondoe taratibu kwa kitambaa na spiriti, maana vanishi ya poliyurethani ikipakwa juu yake hubanduka vipande vipande.

Palipotuna kwa sababu tabaka limeachana, pasua kwa wembe kufuata nyuzi za mbao, ingiza gundi kwa bomba la sindano, funika kwa nailoni na ukandamize kwa kipande cha kigae usiku kucha. Bila nailoni, kigae kitagandia hapo. Mashimo madogo yajazwe kwa epoksi iliyochanganywa na unga wa mbao, si puti ya magari, ambayo huonekana doa la kijivu kwenye mbao nyeupe. Baada ya hapo pitisha msasa namba 320 kwa mkono mwepesi, ukifuata nyuzi, mpaka mng'ao ufifie tu. Mbao ikianza kubadilika rangi, simama.

Mistari irudishwe kwa vipimo vya mashindano: mstari mnene wa kupigia uwe sentimita 10.15 kutoka kwenye fremu, urefu 47. Vidoa vya duara kwenye ncha za mistari ya kupigia viwe na kipenyo 3.18, duara kubwa la katikati 17. Bandika tepu ya karatasi, kisha paka ukingo wake vanishi nyembamba kwanza. Vanishi hiyo huziba vijinjia, na rangi haivuji chini ya tepu. Kalamu za wino wa spiriti usizitumie, wino wake hutawanyika ukikutana na vanishi.

Uwanja wa sentimita 74 kwa 74 hula mililita 50 hivi kwa mkono mmoja, basi kopo la nusu lita la poliyurethani ya mafuta linatosha mikono minne juu na miwili chini. Paka nyembamba, ngoja saa 24, sugua kwa msasa namba 400, futa vumbi, rudia. Mkono mnene hukauka ngozi tu, ndani ukabaki laini, na kete zikauchimba. Msimu mzuri ni kaskazi, Januari na Februari, mvua zikiwa chache. Wakati wa masika fanya kazi kati ya saa nne asubuhi na saa nane mchana, ndani ya chumba, usipake alfajiri palipo na umande.

Usichezee kabla ya siku saba. Kumi na nne ni bora zaidi. Halafu tumia poda kavu, chembe kidogo tu. Unga wa ngano hunyonya unyevu, ukawa ujiuji na kuita wadudu. Poda ya mtoto yenye manukato hugandamana. Asidi ya boriki huteleza vizuri kupita zote, ila ni sumu ikilika, kwa hiyo watoto wanawe mikono kabla ya kugusa chakula.

Jaribio la mwisho: piga straika kwa nguvu zote kutoka mstari wako. Ikivuka uwanja mara tatu na nusu, kwenda na kurudi, ubao umepona.