SOMO: Shimoni kwenda Tanga hadi Zanzibar kwa yoti binafsi, makaratasi ya bandari hatua kwa hatua

Wakuu salaam. Kaskazi ikishakaa sawa watu wanaanza kushuka kusini, na kila msimu maswali ni yaleyale, chombo kimefika salama, watu wote wana afya, halafu nanga iko chini na hakuna anayeshuka kwa sababu karatasi moja haipo. Nachukua njia ambayo wengi wetu tunaipita, Shimoni ya Kenya, Tanga, kisha Zanzibar, kwa yoti ya mtu binafsi isiyobeba mzigo wala abiria wa kulipa. Naandika hasa kwa mabaharia wetu mnaofanya kazi kwenye yoti za wageni, maana tajiri akishasema nenda kamalize ofisini, anayesimama dirishani ni wewe.

Kabla ya yote shika hili: makaratasi ya Tanga yanaanzia Shimoni. Ofisa wa unakoingia cha kwanza anataka klearansi, yaani karatasi ya ruhusa ya kuondoka, ya bandari uliyotoka, akiikosa kwake wewe ni chombo kisichojulikana kimetokea wapi, na hapo hata ungekuwa na faili lenye kila kitu mazungumzo yanabadilika. Kwa hiyo anayetoka kimyakimya alfajiri ili aokoe nusu siku, ile nusu siku ataikuta mbele imeshakuwa siku tatu.

HATUA YA 1, FAILI

Weka kwenye faili moja lisiloingia maji: cheti cha usajili wa chombo (orijino, fotokopi pekee haitoshi), bima, leseni ya redio, cheti cha nahodha, pasipoti zote zenye angalau miezi 6 mbele, kadi za chanjo ya homa ya manjano, na orodha ya mabaharia. Kama tajiri hayumo safarini beba na barua yake ya kukuruhusu kuendesha chombo, imesainiwa, na kopi ya pasipoti yake.

Orodha ya mabaharia ndo karatasi inayosumbua kuliko zote. Iandike kwa mpangilio wa FAL 5, ile fomu ya shirika la bahari la kimataifa IMO inayotokana na mkataba wa 1965, maofisa wanaijua dunia nzima na hawakurudishi. Majina yaandikwe vilevile kama pasipoti, herufi kwa herufi. Kama pasipoti inasema MOHAMED na wewe umeandika MOHAMMED, ofisa wa uhamiaji anaona watu wawili, mmoja ana pasipoti hayuko kwenye orodha, mwingine yuko kwenye orodha hana pasipoti. Namba ya usajili nayo angalia sifuri isiwe herufi O. Ukishaikagua printi kopi nyingi, kila ofisi inabaki na yake na dirisha la pili utakuta mashine ya fotokopi haina wino.

Kama chombo kina muhuri wake njoo nao. Sheria haikulazimishi, ila karatasi iliyosainiwa na kupigwa muhuri inapokelewa haraka, huo ndo ukweli wa ofisi zetu.

Kitu kingine ambacho watu hawakiandiki ni boti ndogo na injini yake. Andika kwenye orodha ya vifaa vya chombo aina ya injini, nguvu zake na namba ya mashine iliyogongwa pale kwenye kibao cha bano linaloshika injini kwenye boti. Forodha wanaangalia unachotoka nacho ni kilekile ulichoingia nacho, sasa injini ya horsepower 15 isiyoandikwa popote inaonekana kama bidhaa uliyokuja kuuza, au ukiibiwa njiani huna cha kuonyesha kwamba uliingia nayo. Jenereta na vifaa vya kuzamia ni hivyohivyo.

HATUA YA 2, KUTOKA SHIMONI

Anza forodha, halafu bandari, uhamiaji iwe ya mwisho. Sababu ni kwamba pasipoti ikishagongwa muhuri wa kutoka wewe kisheria umeshaondoka Kenya, na kama bado unadaiwa karatasi ya forodha unakuwa mtu anayezurura Shimoni wakati ameshatoka nchini. Malipo ya serikali Kenya yanapita eCitizen, lipa huko na utunze meseji ya simu pamoja na risiti. Klearansi ikishaandikwa isome palepale mbele ya ofisa: jina la chombo, idadi ya watu, bandari unayokwenda. Iandikwe TANGA. Ikiandikwa Tanzania peke yake omba kwa upole irekebishwe.

Na ukishaipata ondoka ndani ya muda ulioandikwa. Hapo ndo utabiri wa hali ya hewa unaingia, usichukue klearansi leo wakati upepo unaoutaka unakuja keshokutwa.

HATUA YA 3, NJIANI

Ni kama maili 30 za bahari tu, unaondoka alfajiri jioni umefika. Lakini njia nzima ina vishawishi. Mwenye chombo ataona Misali kwenye chati, kisiwa kizuri kiko hukohuko upande wa pili wa mkondo karibu na Pemba, atasema tulale hapo usiku mmoja kisha tuende Tanga. Mwambie hapana. Kutia nanga Tanzania kabla ya kuripoti bandari ya kuingilia ni kosa, na Misali ni eneo la hifadhi lenye watu wake na ada zake, kwa hiyo utakuwa umekosea sehemu mbili kwa mpigo. Mtakwenda baadaye kwa amani mkishamaliza.

Ukikaribia maji ya Tanzania pandisha bendera ya njano upande wa kulia wa mlingoti, maana yake chombo changu kina afya naomba ruhusa ya kuingia. Ikae pale mpaka umalize. Karibu na bandari ita kwenye chaneli 16 ya redio, taja jina la chombo, umetoka wapi, watu wangapi, uelekezwe pa kutia nanga.

HATUA YA 4, TANGA

Anayeshuka ni nahodha peke yake na faili. Wengine wote wanabaki chomboni, hata kama wana njaa ya chipsi mayai, nasema hivi kwa sababu mara nyingi tatizo linaanzia kwa kijana mmoja aliyeruka kwenda kununua vocha.

Mpangilio ni afya ya bandari, uhamiaji, forodha, kisha bandari yenyewe. Afya watataka fomu ya afya ya chombo na kadi za homa ya manjano, maana Kenya iko kwenye nchi zenye ugonjwa huo. Uhamiaji watagonga pasipoti, wageni wanaohitaji viza waombe mtandaoni kabla, ya kawaida ni dola 50 na Wamarekani dola 100. Forodha wataandika kwamba chombo kimeingia kwa muda. Watu wengi wanadhani kwa sababu Kenya na Tanzania zinatumia sheria moja ya forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, ya 2004, basi karatasi ya KRA (mamlaka ya mapato ya Kenya) inafanya kazi TRA (ile ya Tanzania). Haifanyi, sheria ni moja ila kila nchi inakuandikisha upya. Silaha kama ipo itaje mwenyewe kabla hujaulizwa, na dawa kali za maumivu ziwe na cheti cha daktari.

Malipo ya serikali Tanzania yanakuja na kontrol namba, yaani namba maalumu ya malipo hayo, unalipa kwa simu au benki. Ukiambiwa kiasi, omba kontrol namba. Ni swali la kawaida kabisa, uliza huku unatabasamu, halafu subiri. Usigombane, usiwaigize wageni wanaopiga meza, salamu na subira zinafungua mlango ambao kelele zinaufunga. Ijumaa panga kufika mapema kabla ya swala, na jumamosi jumapili tegemea kulipia muda wa ziada.

Mkimaliza shusha ya njano, pandisha ya Tanzania.

HATUA YA 5, ZANZIBAR

Nchi ni moja lakini bandari inataka klearansi tena, kwa hiyo usiondoke Tanga bila karatasi ya kwenda Zanzibar. Kule kuna taasisi zao, Shirika la Bandari la Zanzibar, na mambo ya usalama wa vyombo ni ZMA (mamlaka ya usafiri baharini Zanzibar), huku bara ni TASAC (shirika la uwakala wa meli), usichanganye. Wageni wanatakiwa kuwa na bima ya safari ya Zanzibar, ilianza 1 Oktoba 2024, dola 44 kwa siku 92, ikatwe mtandaoni kabla ya kufika. Bendera ya Zanzibar chini ya ile ya Tanzania si lazima ila wenyeji wanafurahi wakiiona.

Kutoka nchini ni kama Shimoni, uhamiaji mwisho.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali (Mtwapa): Mimi Mkenya, si tuko Jumuiya moja, kitambulisho hakitoshi?
Jibu: Kwa Tanzania hapana kaka. Kusafiri kwa kitambulisho ni mpango wa Kenya, Uganda na Rwanda. Beba pasipoti, au hati ya dharura ya safari uichukue uhamiaji kwenu mapema. Viza hulipi. Kitabu cha baharia hakichukui nafasi ya pasipoti kwenye yoti binafsi.

Swali (Kilifi): Chanjo nikichoma leo naondoka kesho?
Jibu: Cheti kinaanza kuhesabika siku 10 baada ya sindano, ila tangu Julai 2016 ni cha maisha, hata kile cha zamani kilichoandikwa miaka 10. Panga mapema.

Swali (Dar): Na hali ya hewa ikichafuka nikalazimika kujificha sehemu isiyo bandari?
Jibu: Roho za watu kwanza, na sheria inalitambua hilo. Tia nanga, bendera ya njano ibaki juu, ita kwenye redio useme uko wapi na kwa nini, asishuke mtu, na uandike kwenye logi, yaani daftari la safari, saa na hali ya upepo. Hali ikitulia nenda moja kwa moja bandarini ukaripoti. Na logi nyingi za wageni zinaandikwa kwa UTC, iko nyuma ya saa zetu kwa masaa 3, ofisa akiuliza umfafanulie.

Swali (Lamu): Lazima niwe na ejenti?
Jibu: Yoti ndogo ya familia nahodha mwenye subira anamaliza mwenyewe. Kikiwa kikubwa au kinabeba wageni wa kulipa, chukua ejenti, na bei aiandike kabla hajaanza, ada za serikali mbali na ujira wake mbali.

Swali (Tanga): Mgeni wetu anataka kushukia Zanzibar apande ndege, inabidi nifanye nini?
Jibu: Nenda naye uhamiaji yeye, pasipoti yake na tiketi, kabla ya siku ya ndege. Atolewe kwenye orodha, wewe upewe orodha mpya yenye muhuri. Bila hivyo siku ya kutoka utakuwa na mtu mmoja pungufu, na mwenye jukumu la kumtafuta ni nahodha.