Jinsi ya Kuifahamu na Kuifurahia Malbec

Anayetaka kuifahamu Malbec, zabibu nyeusi inayotengenezewa mvinyo mwekundu, asianze na chupa moja. Anunue mbili, moja ya Mendoza nchini Argentina na nyingine ya Cahors, kusini magharibi mwa Ufaransa, azifungue siku moja na kuzionja kwa kupokezana. Zabibu ni ileile, lakini tofauti utakayoikuta kwenye glasi ni kubwa kiasi cha kudhani umeuziwa vitu visivyohusiana, na ni katika tofauti hiyo ndipo mnywaji anapotambua kipi ni cha zabibu yenyewe na kipi kimeletwa na jua, mwinuko wa ardhi na mkono wa mtengenezaji. Aliyeonja chupa moja tu huishia kusema kwamba mvinyo ni mzuri au ni mkali, na hapo safari yake ya kujifunza inakuwa imekwama.

Malbec asili yake ni Ufaransa. Kandokando ya mto Lot, katika eneo la Cahors, zabibu hii huitwa pia Côt, na mvinyo wake ulikuwa na rangi nzito hata ukapewa jina la mvinyo mweusi. Ni mzabibu wenye deko: baridi na mvua vikiukuta wakati wa kuchanua, maua mengi hupukutika kabla ya kushika tunda, na barafu ya usiku huuathiri upesi. Baridi kali ya Februari 1956 iliua mizabibu mingi kusini magharibi mwa Ufaransa, na wakulima wengi wa Bordeaux, waliokuwa wakiichanganya Malbec na zabibu nyingine, wakaamua kutoipanda tena. Cahors walirudi shambani. Tangu mwaka 1971 jina la Cahors linalindwa kisheria, na mvinyo mwekundu wenye jina hilo sharti uwe na Malbec isiyopungua asilimia 70, huku sehemu iliyobaki ikiwa zabibu za Merlot au Tannat.

Argentina ilikuwa imeipokea zamani, kabla ya baridi hiyo. Mwaka 1853 mtaalamu wa kilimo kutoka Ufaransa, Michel Aimé Pouget, alikabidhiwa shamba la mafunzo ya kilimo mjini Mendoza, naye akaleta vipando vya mizabibu ya kwao, Malbec ikiwemo. Mendoza ni eneo kavu lililo chini ya milima ya Andes, na mashamba yake hunyweshwa kwa maji ya theluji inayoyeyuka milimani, kwa hiyo unyevu unaoleta ukungu na kuoza, adui wakubwa wa zabibu hii, ni wa nadra. Mashamba ya Luján de Cuyo yako karibu mita 1,000 juu ya usawa wa bahari, na yale ya Bonde la Uco hupanda hadi kufikia mita 1,500. Huko juu jua la mchana huivisha matunda na kuyafanya yawe na ganda nene lenye rangi nyingi, na baridi ya usiku huyazuia yasipoteze uchachu wake. Ndiyo maana, kwa maoni yangu, lebo inayotaja mwinuko wa shamba au jina la bonde ina faida kwa mnunuzi kuliko lebo iliyojaa sifa.

Kwenye lebo hiyohiyo tazama mambo mawili zaidi. La kwanza ni mwaka wa mavuno, ukikumbuka kwamba Argentina huvuna kati ya Februari na Aprili ilhali Ufaransa huvuna Septemba na Oktoba, hivyo chupa mbili zenye mwaka mmoja zimepishana kwa takriban nusu mwaka. La pili ni kiwango cha kilevi. Malbec nyingi za Argentina huwa kati ya asilimia 13.5 na 15, na kadiri namba inavyopanda ndivyo utakavyotarajia mvinyo mnene, wenye matunda yaliyoiva sana na joto kooni. Uzito wa chupa haukuambii lolote; kioo kinene ni gharama ya kioo.

Kinachoiharibu Malbec mara nyingi ni joto. Ushauri wa kunywa mvinyo mwekundu katika joto la chumba ulifaa nyumba za Ulaya zilizokuwa baridi, na haufai chumba chenye nyuzi 26 za Selsiasi. Malbec inataka nyuzi 16 hadi 18, kwa hiyo iweke chupa kwenye jokofu kwa dakika 20 au 30 kabla ya kuifungua. Ikiwa na joto, kilevi hutangulia puani na matunda hugeuka kuwa kama jemu. Ikipoa mno, harufu hujificha na ukakasi huzidi.

Mimina hadi theluthi moja ya glasi pana, kisha iinamishe juu ya karatasi nyeupe. Katikati utaona zambarau iliyokolea, karibu nyeusi, lakini ukingoni, pale mvinyo unapokuwa mwembamba, Malbec changa huonyesha utepe wa waridi iliyokoza ambao ni miongoni mwa alama zake. Miaka ikipita, utepe huo hubadilika na kuwa wa rangi ya tofali. Nusa kwanza bila kuutikisa mvinyo, kisha uzungushe glasi na unuse tena. Katika glasi ya Mendoza utakutana na plamu, forosadi na, hasa ikiwa imetoka mashamba ya juu, harufu ya ua la urujuani. Vanila, kakao na moshi havitoki kwenye zabibu bali kwenye pipa la mwaloni, na vikiifunika harufu ya matunda kabisa basi mtengenezaji amezidisha.

Piga funda dogo, lizungushe mdomoni, kisha sikiliza ufizi wako. Ule ukakasi unaokausha ufizi, kama wa kutafuna ndizi mbichi, ndio tanini. Kwenye Malbec ya Mendoza huwa laini na hupita haraka. Kwenye ya Cahors hung'ang'ania, mate hukutoka zaidi kwa sababu uchachu ni mwingi, na nyuma yake huja ladha ya udongo na tumbaku. Cahors changa imimine kwenye jagi saa nzima kabla ya kuinywa. Ya Mendoza ya kawaida haihitaji shughuli hiyo.

Kwa chakula, nyama ya ng'ombe iliyochomwa ndiyo mwenzi wake, na Waargentina huinywa pamoja na asado, yaani karamu yao ya nyama choma. Protini na chumvi hupunguza ukali wa tanini, na kwa kuwa ladha ya Malbec haikai mdomoni kwa muda mrefu, hupatana hata na minofu isiyo na mafuta mengi. Asiyekula nyama atafurahia uyoga wa kukaanga, dengu au jibini ngumu. Pilipili nyingi huchochea joto la kilevi, na samaki wenye mafuta pamoja na tanini huacha ladha ya chuma.

Chupa ikinuka kama boksi lililolowa maji, kizibo kimeuharibu mvinyo. Usiulazimishe, urudishe dukani. Ukibakiza mvinyo mzuri, ufunge kwa kizibo chake na uuweke kwenye jokofu, nao utadumu siku tatu hivi. Onja tena siku ya pili, kwani Cahors iliyokuwa ngumu jana mara nyingi huwa imelainika, ilhali Malbec nyepesi ya Mendoza huwa imeanza kupoteza harufu yake ya maua.