Kabla ya Kidonge cha Kwanza: Maandalizi ya Mtoto Anayeanzishiwa Dawa ya ADHD

Mtoto mwenye ADHD, yaani hali inayomfanya ashindwe kutulia na kumakinika, anapoandikiwa methilifenideti, ambayo wengi huifahamu kwa jina la Ritalin, mzazi aliyechoka kuitwa shuleni kila wiki hutamani kuianza siku hiyohiyo. Namwelewa kabisa. Hata hivyo, kupima na kuandika hali ya mtoto kabla hajameza kidonge cha kwanza ni kazi ambayo ikipita haifanyiki tena, kwa sababu baadaye akikondeana, akikosa usingizi au akianza kukonyeza macho bila kukusudia, daktari atauliza alikuwaje mwanzoni, na jibu la “alikuwa kawaida tu” halitamfikisha popote.

Moyo ndio wa kutangulizwa. Dawa hii huongeza kidogo presha na kasi ya mapigo ya moyo, jambo ambalo watoto wengi hulimudu lakini mwenye kasoro ya moyo anaweza kudhurika nalo. Daktari aelezwe iwapo mtoto amewahi kuzimia au kubanwa na kifua akicheza, na iwapo kuna ndugu wa damu aliyefariki ghafla kabla ya kufikisha miaka 40. Swali hili la mwisho usilijibu peke yako. Waulize bibi na shangazi wa pande zote mbili, kwa kuwa kifo cha namna hiyo mara nyingi husimuliwa kwamba marehemu “alianguka tu”, na hakuna anayekihusisha na moyo. Presha ipimwe mtoto akiwa ameketi na kutulia kwa dakika chache, kwa mkanda unaolingana na mkono wake, maana mkanda mpana wa mtu mzima huonyesha namba iliyo chini ya ile halisi.

Uzito na urefu vichukuliwe bila viatu, na mizani iwe ileile kila safari. Mwongozo wa NICE, taasisi ya Uingereza inayotoa miongozo ya matibabu, uliotolewa mwaka 2018, unataka mtoto wa miaka 10 au chini yake apimwe uzito kila miezi 3, urefu kila miezi 6, na presha pamoja na mapigo kila dozi inapobadilishwa na kila miezi 6. Katikati ya vipimo hivyo, daftari la nyumbani ndilo linalosema mengi: andika saa aliyomeza dawa, saa aliyolala, na kama chapati uliyomfungia mchana imerudi nzima. Hamu ya kula hupungua sana dawa inapokuwa kazini, hivyo panga ale kifungua kinywa cha kushiba kabla ya kumeza na chakula cha maana jioni, nguvu yake inapokwisha.

Kwa mtoto wa miaka 6 na kuendelea, daktari kwa kawaida huanza na miligramu 5 mara moja au mbili kwa siku, kisha huongeza taratibu, wiki kwa wiki. Usinakili dozi ya mtoto wa jirani hata kama wana umri na uzito mmoja, kwa kuwa kila mwili huipokea dawa hii kwa namna yake. Kidonge cha kawaida hufanya kazi kwa takriban saa 3 hadi 4. Kikisahaulika, kisifidiwe kwa kumeza viwili, na ikiwa jioni imekaribia, subiri kesho, la sivyo mtoto atakesha. Vidonge vya kutenda polepole havisagwi wala havitafunwi, kwani dozi ya siku nzima huweza kumwagika mwilini kwa mara moja.

Taja dawa nyingine zote anazotumia, hata za mafua. Kwa kijana, uliza pia kuhusu miraa, kwa upole na bila kumtisha, kwa sababu kathinoni, kemikali ya kuchangamsha iliyomo ndani yake, nayo huuendesha moyo mbio. Vidonge vihesabiwe na kufungiwa kabatini, na anayesafiri kwenda Falme za Kiarabu aombe kibali mapema, kwa kuwa huko dawa hii inadhibitiwa kisheria.

Mwisho, kwenye jalada la ndani la daftari andika namba ya daktari na jina la hospitali inayopokea wagonjwa usiku. Mtoto akizimia, akiumwa kifua, akipata degedege, akisikia sauti ambazo wengine hawazisikii au akizungumzia kujidhuru, usimpe dozi inayofuata. Mpeleke huko mara moja, na daftari ulibebe.