Dele kwanza, mashine baadaye

Jamani, anayetaka kahawa nzuri nyumbani hapa Lamu asikimbilie mashine ya umeme. Nunua dele, yaani birika la kupikia kahawa kwenye makaa. Kabla ya kulipa, fungua kifuniko utazame ndani: dele la shaba hupakwa bati, na bati likiwa limebanduka hadi shaba yaonekana, liache hapo hapo dukani. Litie maji kisha uyamimine. Mdomo mzuri hauchuruzishi ubavuni. La alumini ni bei nafuu na kwenye makaa lafaa vilevile, ila mkono wake huwaka moto, weka kitambaa karibu. Pesa iliyobaki nunua buni, uikaange na uitwange mwenyewe kwenye kinu pamoja na tangawizi kavu. Kahawa iliyotwangwa asubuhi hiyo haina mfano, hata ukiipika kwa sufuria.