Kubadilisha boljointi na tairodi bila kuua raba mpya

Boljointi ni kiungo kinachounganisha mkono wa chini wa gari (chuma kinachoshika gurudumu kwenye bodi) na nako, yaani chuma kinachobeba gurudumu. Nyingi zinazotupwa zilianza kufa siku raba zake, vifuniko vya mpira, zilipopasuka. Ndani mna tufe la chuma laini lililokaa kwenye kikombe cha plastiki ngumu, katikati ya grisi. Raba inazuia grisi isitoke, na maji na mchanga visiingie. Ikipata ufa mdogo tu, kila gurudumu linapopanda na kushuka raba hiyo inapumua: inatema grisi na kuvuta tope. Mchanga ukishachanganyika na grisi unakuwa msasa. Tairodi, fimbo za usukani zinazokata magurudumu, na linki za stabilaiza, fimbo fupi zinazoshika chuma cha kuzuia gari lisilale upande, zina jointi zilizoundwa hivyohivyo, kwa hiyo sehemu kubwa ya mwongozo huu inazihusu pia.

Pima kabla ya kununua

Inua gari, weka stendi imara. Jeki peke yake si ya kukuweka chini ya gari. Kama springi imekaa juu ya mkono wa chini, weka jeki chini ya mkono huo, karibu na boljointi, ili uzito utoke kwenye jointi. Bila hivyo springi inaibana na uchakavu hauonekani. Kwenye gari lenye mguu wa MacPherson, ambapo springi na shokabsoba ni mguu mmoja, acha gurudumu lining'inie.

Shika tairi juu na chini, litikise, mwenzako akitazama jointi. Ukisikia mchezo, yaani kulegea, mwambie akanyage breki. Mchezo ukipotea, shaka inahamia kwenye beringi ya gurudumu. Kisha ingiza mtaimbo chini ya tairi, uinue kidogo: boljointi iliyochoka itaonyesha nako na mkono vikiachana. Kwa tairodi, shika tairi kushoto na kulia.

Raba ikiwa imepasuka lakini jointi haina mchezo, na grisi ndani bado ni safi, unaweza kubadilisha raba peke yake. Ukiona kutu, maji au chembechembe za mchanga unapoisugua grisi kati ya vidole, usijidanganye. Nunua jointi nzima, maana uchafu umeshafika kwenye kikombe na hautoki kwa kufuta.

Kufungua

Toa gurudumu. Safisha nyuzi kwa brashi ya waya na upake mafuta ya kulegeza kutu, ikiwezekana usiku uliotangulia. Funga kalipa (kibano cha breki) au nako kwa waya ili hosi ya breki na waya wa ABS visivutwe.

Chomoa kotapini, ile pini inayozuia nati isifunguke, legeza nati lakini usiitoe yote; iache imeshika nyuzi chache. Pini ya boljointi ni ya mteremko, yaani inapungua unene kuelekea nchani, imejikaza kwenye tundu la nako, na inapoachia inaachia kwa kishindo. Nati hiyo ndiyo inayouzuia mkono usikurukie. Penye springi juu ya mkono, jeki inabaki chini ya mkono kazi yote. Springi iliyobanwa inaweza kuua.

Kuachanisha, tumia kifaa cha skrubu kinachosukuma ncha ya pini. Ule uma wa kupigiliwa kwa nyundo ni wa haraka, lakini unachana raba karibu kila mara, kwa hiyo uutumie tu kwa jointi inayotupwa. Bila kifaa, piga ubavu wa jicho la nako kwa nyundo nzito. Usipige ncha ya pini.

Boljointi ya boliti inatoka kirahisi. Ya ribiti, toboa vichwa vyake, kisha funga mpya kwa boliti zilizokuja nayo. Ya kushindiliwa, toa klipu ya duara na tumia presi ya mkono, ukisukuma ukingo wa nje wa chuma tu. Ukisukuma katikati utaharibu jointi mpya kabla haijatembea hata mita moja. Ikiingia kwa kusukumwa na kiganja tu, tundu la mkono wa gari limepanuka. Badilisha mkono huo wote. Usiichomelee, joto linayeyusha kikombe.

Kufunga

Futa mteremko wa pini na tundu lake hadi vikauke kabisa. Hapa ndipo wengi wanakosea kwa nia njema: wanapaka grisi. Pini inashikwa na msuguano wa chuma kwa chuma, na grisi inaondoa mshiko huo.

Kaza nati kwa mkono na spana, si kwa bunduki ya upepo, inayoweza kuzungusha pini na kusokota raba. Pini ikizunguka pamoja na nati, isukume juu kwa jeki mpaka ijikaze, au ishike kwa spana ya Alen kama ina tundu nchani. Maliza kwa spana ya toki, inayopima nguvu ya kukaza, kwa kipimo cha kitabu cha gari hilo. Tundu la kotapini lisipolingana na meno ya nati, kaza kidogo mpaka jino linalofuata; usirudishe nyuma kamwe. Nati yenye plastiki ndani hutumika mara moja tu.

Kwa tairodi, kabla ya kufungua pima urefu au hesabu mizunguko ya nyuzi. Ukikaza nati ya kufungia, shika kichwa cha tairodi kikae katikati ya mzunguko wake; kikilala upande raba itabanwa usukani ukikatwa mwisho. Legeza pia klipu ya raba ya raki (chombo cha usukani ambako tairodi inaanzia), isije ikasokotwa fimbo inapozunguka. Baada ya hapo wiliamenti, kunyoosha magurudumu kwa vipimo, ni lazima.

Raba na grisi

Ukibadilisha raba peke yake, tumia grisi ya lithiamu namba 2, ujaze nusu tu ya nafasi. Ikijaa mno, jointi ikipinda grisi inakosa pa kwenda na kusukuma mdomo wa raba. Penye nipeli, mdomo wa kuingizia grisi, pampu mara mbili au tatu, usimame raba inapoanza kuvimba. Pete ya waya inayobana raba ikae kwenye mfereji wake pande zote. Ikibaki nje sehemu moja, maji yatapita hapohapo.

Usioshe raba kwa petroli wala dizeli, zinaivimbisha na kuilainisha. Maji ya sabuni yanatosha, na mashine ya maji ya presha isielekezwe kwenye midomo yake.

Kata usukani kushoto hadi mwisho, kisha kulia, ukitazama kama raba inajikunja au kugusa chochote. Halafu futa grisi yote iliyobaki nje. Ukikagua tena baada ya wiki moja na kukuta unyevu wa grisi, utajua raba inavuja, badala ya kubahatisha kama ni ile iliyomwagika siku ya kazi.