Krosi ya propela inayokufa kila mara: tafuta kinachoiua

Hilux ya zamani ya dizeli, ile ya injini ya 2L, 3L au 5L, ni gari linalovumilia mengi. Likianza kula krosi ya propela (kiungo cha miguu minne kinachoiwezesha propela, yaani shafti inayopeleka nguvu kutoka giaboksi hadi difu, gia za kwenye ekseli ya nyuma, kuzunguka ikiwa imepinda) kila baada ya miezi miwili mitatu, usiishie kununua nyingine. Krosi iliyofungwa vizuri na kupigwa grisi kwa wakati hudumu miaka. Inayokufa upesi ina kitu kinachoiua, na kitu hicho kitaiua hata mpya.

Usiitupe ile iliyokufa. Ipanguse kwa dizeli, uangalie miguu yake minne. Unga mwekundu wa kutu ndani ya vikombe (vifuniko vya beringi vinavyovaa ncha za miguu) maana yake grisi haikufika. Vijifereji vilivyochimbika upande mmoja, vimepangana kama alama za meno, vinaonyesha mzigo mkubwa au pembe mbaya. Mguu mmoja ukiwa umeliwa na mitatu ni mizima, njia ya grisi ya mguu huo imeziba, au kikombe kiliingia kimekaa upande.

Kabla ya kuingia chini ya gari, weka mawe kwenye matairi. Propela ikishatoka, gia haishikilii gari tena.

Chunguza kwanza kipande chenye krosi mbili na meno ya kuteleza, yaani pale shafti inapoingia na kutoka ili irefuke na kufupika. Kosa kubwa liko hapo: propela ilichomolewa bila kupigwa alama, ikarudishwa meno yakiwa yameruka. Krosi iliyo kwenye pembe haizunguki sawasawa. Katika kila mzunguko mmoja mwendo wake hupanda na kushuka, kisha hupanda na kushuka tena. Krosi ya pili ndiyo inayofuta kasoro hiyo, lakini masharti ni kwamba masikio (mikono ya shafti inayoshika krosi) ya ncha zote mbili yalale kwenye mstari mmoja. Chuchumaa, tazama kwa urefu wa shafti. Jino moja tu likiruka, gari litatetemeka na krosi zitaliwa.

Halafu pembe. Magari ya mizigo huongezwa pleti za springi, na pua ya difu hubadilika mwelekeo. Pima gari likiwa limesimama kwa matairi yake na mzigo wake wa kawaida; ukilinyanyua kwa chesisi, ekseli inaning'inia na vipimo vyote vinadanganya. Programu ya simu ya kupima mteremko inatosha. Kwa propela ya kipande kimoja, shafti ya kutokea giaboksi na pinioni ya difu (shafti fupi inayoingiza nguvu kwenye difu) ziwe sambamba, tofauti isizidi nyuzi 1 hivi. Ikizidi, dawa ni kabari za chuma kati ya springi na ekseli. Ila angalia kwanza mauntingi ya giaboksi: raba iliyolowa oili hulainika na kukaa, giaboksi inashuka, pembe inaharibika hata springi zikiwa nzima.

Shika flenji ya difu, isukume juu na chini. Ikicheza, beringi za pinioni zimekwisha. Usijaribu kuziponya kwa kukaza nati: kwenye difu nyingi nati hiyo inabonyeza spesa (bomba la chuma lililo kati ya beringi), ukipitiliza umeharibu mkazo wa beringi. Kama shafti ni ya vipande viwili, kagua na raba ya senta beringi, ile inayoshika shafti katikati. Mpindo wa shafti usizidi milimita 0.8.

Wakati wa kufunga, tumia vaisi au presi. Nyundo hupanua masikio. Ingiza kikombe polepole huku mguu wa krosi ukiwa ndani yake, kwa sababu sindano moja (vile vyuma vyembamba vya beringi ndani ya kikombe) ikianguka chini ya kikombe, klipu inayokizuia kikombe kisitoke haitakaa kwenye mfereji wake. Chagua klipu za unene mmoja pande zote mbili, na mchezo wa krosi usizidi milimita 0.05. Ikunje kwa mkono: ipinde kwa ulaini, isikwame popote.

Mwisho piga grisi mpaka itoke kwenye vikombe vyote vinne. Kimoja kikibaki kikavu, kunjakunja krosi upige tena. Kikiendelea kugoma, fungua sasa hivi, kabla gari halijatoka gereji.