Umenunua EPIRB? Haya Yafanye Kabla Hujang'oa Nanga

EPIRB ni kifaa cha chomboni cha kuomba msaada baharini; ikiwashwa hutuma ishara ya MHz 406 kwa setilaiti za mfumo wa Cospas-Sarsat, nazo huifikisha kituo cha uokoaji. Kama unayo ile ya kizamani ya MHz 121.5 pekee, usiitegemee: setilaiti ziliacha kusikiliza masafa hayo tarehe 1 Februari 2009.

Soma tarehe ya betri. Imepita? Mpelekee fundi aliyeidhinishwa, usifungue mwenyewe. Kile kifungio kinachoachia kifaa chombo kinapozama nacho kina tarehe yake. Na usikifunge kifaa chini ya paa, kitanasa humo humo.

Kujaribu ni kwa kitufe cha majaribio tu. Ikiwaka kwa bahati mbaya, izime na upige simu kituo cha uokoaji papo hapo. Usinyamaze kwa kuona haya, maana watakutafuta wewe uliye salama huku mwingine anazama.

Sasa usajili, yaani kuandikisha kifaa kwa jina na simu yako ili waokoaji wajue ni cha nani, na hapa nakuomba usiniambie utafanya kesho. Jamaa yangu mmoja aliuza mashua yake pamoja na EPIRB, ikiwa bado kwenye kishikizo chake karibu na usukani. Mnunuzi hakubadilisha jina, muuzaji naye hakutoa taarifa. Usiku mmoja EPIRB ikawashwa baharini, na waokoaji wakampigia muuzaji: mko wangapi chomboni? Mna boya la kuokolea? Mlikuwa mnaelekea wapi? Yeye yuko kitandani, hana jibu hata moja, na namba ya mnunuzi alishaifuta. Kumbukumbu zilisema mashua nyeupe, kumbe ilishapakwa rangi ya buluu. Kifaa chenyewe hakikuwa na GPS, kwa hiyo eneo la kupekua lilikuwa la kilomita kadhaa. Walipatikana kulipokucha, mmoja amepigwa na baridi hata vidole havikunjiki kushika kamba aliyotupiwa.

Kwa hiyo ukinunua, sajili kwa jina lako siku hiyo hiyo. Ukiuza, toa taarifa. Ukibadili rangi, simu au bandari, rekebisha. Nchi nyingi hazitozi chochote kwa kazi hii.

Kifaa kikizeeka, usikitupe jalalani na betri yake. Waokoaji wamewahi kufuata ishara hadi kwenye lundo la taka. Kila anayepanda aonyeshwe kilipo na namna ya kukiwasha, watoto wakanywe wasikichezee. Na wale wa nchi kavu ulioandika namba zao kwenye usajili, waambie safari yako kabla hujaondoka, tena wasizime simu usiku.